Fiji Msimu wa Mvua: Unafuu wa Bei na Gharama Yake

Novemba inapokaribia, mawakala wa utalii wa Pasifiki ya Kusini huanza kutangaza bei za punguzo kwa safari za Fiji, na matangazo hayo huendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi Aprili. Hicho ndicho kipindi cha mvua visiwani humo, na ndicho pia kipindi rasmi cha vimbunga. Wanaoipigia debe safari ya wakati huo husema kwamba mvua ya huko hunyesha kwa muda mfupi alasiri kisha jua likarudi, na kwamba anayeikimbia hadi Julai anajitakia gharama bure. Wanaoipinga hutaja Winston, kimbunga kilichoua watu 44 Februari 2016, na huona kwamba hapo mjadala umekwisha. Kila upande una ushahidi wake, ila zote mbili huzungumza kana kwamba Fiji yote hunyeshewa kwa namna moja na kana kwamba miezi yote sita inafanana.

Fiji ina visiwa zaidi ya 300. Kikubwa kuliko vyote, Viti Levu, kina milima katikati, na kilele kirefu zaidi, Tomanivi, kinafika mita 1,324. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma sehemu kubwa ya mwaka, hufika ukiwa na unyevu wa bahari, hupandishwa na milima hiyo na kumwaga maji upande wa Suva, mji mkuu. Ukishavuka kwenda Nadi na Lautoka, magharibi, huwa umepungukiwa. Ndiyo maana Suva hupata takriban milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na hata Julai, mwezi unaosifiwa kwa ukavu, hupata zaidi ya milimita 100. Nadi, penye uwanja mkuu wa ndege wa kimataifa, haifikishi 2,000 kwa mwaka, lakini misimu yake inatofautiana sana: karibu milimita 50 Julai, karibu 300 Januari. Wenye viwanda vya sukari waliyazingatia hayo mapema. Mashamba ya miwa, ambayo kuanzia 1879 Waingereza waliwaleta Wahindi kwa mikataba kuyafanyia kazi, yametanda zaidi upande uliokingwa dhidi ya upepo huo, kwa sababu muwa unataka mvua ya kuukuza na kiangazi cha kukoleza sukari yake.

Kwa mgeni, jiografia hiyo ina uzito kuliko kalenda. Aliyepanga Suva Julai hana uhakika wa jua, ilhali aliyepanga Mamanuca, visiwa vidogo visivyo na milima mirefu magharibi mwa Nadi, anaweza kukaa siku kadhaa za Novemba bila kulowa. Na mvua ya magharibi, inaponyesha kwa kawaida yake, kweli hufanana na inavyoelezwa na mawakala: asubuhi ni nyeupe na bahari imetulia, saa nane mawingu yanarundikana juu ya vilima vya bara, radi inasikika, na saa kumi mvua inashuka kwa nguvu hadi mtu wa upande wa pili wa barabara haonekani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani, hata hivyo, kwamba hali hiyo ni sawa na masika. Masika hutuletea nafuu baada ya joto la kaskazi, lakini Fiji mvua na joto huja pamoja, na kipimo cha nyuzi 31 chenye unyevu mwingi huchosha mtu hata kivulini.

Bei nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini. Wageni wengi wa Fiji hutoka Australia na New Zealand, na likizo kubwa ya shule za nchi hizo huanza Desemba hadi mwishoni mwa Januari. Katika wiki hizo mvua ipo, vyumba vimejaa na bei iko juu; ni nadra kwa msafiri kupata mpango mbaya kuliko huo. Unafuu wa kweli huja Februari na Machi, watoto wanaporudi shule, nayo ndiyo miezi yenye mvua nyingi na hatari kubwa ya vimbunga. Soko, kwa maneno mengine, halimpi mgeni zawadi. Hoteli inapunguza bei, na mgeni anaichukua hatari iliyokuwa ya hoteli. Kasoro ya matangazo mengi ni kutolitamka hilo.

Hatari yenyewe ni ya aina mbili, na watu huzichanganya. Kimbunga kikali ni jambo la nadra kwa msafiri mmoja: kwa wastani kimoja au viwili huigusa Fiji kila msimu, vingi vikiwa si vya daraja la juu, na nchi imetapakaa baharini kiasi kwamba kinachokipiga kisiwa kimoja huweza kukiacha kingine na mawimbi tu. Winston, cha daraja la tano, la juu kabisa, kilikiharibu vibaya kisiwa cha Koro na kaskazini mwa Viti Levu, wakati hoteli nyingi za Mamanuca na za Denarau, kisiwa cha hoteli kilicho karibu na Nadi, zilipata madhara madogo zaidi na ndege zikarudi Nadi ndani ya siku chache. Zaidi ya hayo, kituo cha hali ya hewa cha Nadi ni miongoni mwa vituo vya kimataifa vya kufuatilia vimbunga, na tahadhari zake kwa kawaida hutolewa siku kadhaa kabla. Hoja hii ya watetezi ina nguvu. Udhaifu wake ni kwamba tahadhari humsaidia tu mwenye njia ya kuondoka: aliye kwenye kisiwa cha mbali cha Yasawa, safu ya visiwa kaskazini-magharibi mwa Viti Levu, hutegemea boti inayotoka Denarau, na bahari ikichafuka boti husimamishwa kabla dhoruba yenyewe haijafika.

Wapo wanaodhani El Niño inawapa jibu la mwaka wa kwenda. Kwetu jina hilo linatukumbusha mafuriko ya 1997, lakini Fiji mambo hugeuka: El Niño mara nyingi huleta ukame, na ule wa 1997 na 1998 uliangamiza sehemu kubwa ya mavuno ya miwa. Hata hivyo mwaka mkavu si mwaka salama, kwani Winston kilizuka katikati ya El Niño nyingine yenye nguvu.

Hatari ya aina ya pili haina jina la kutisha, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kupewa uzito zaidi: mvua ya siku tatu au nne mfululizo. Mji wa Nadi umejengwa kwenye bonde la mto wake, nao ulifurika Januari 2009, kisha mara mbili mwaka 2012, Januari na Machi. Mto ukipanda, safari fupi kati ya uwanja wa ndege na hoteli za Denarau inaweza kukatika. Mito mikubwa kama Sigatoka humwaga tope baharini, na maji ya pwani ya kusini, yaliyo buluu kwenye picha, hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa anayekwenda kuzamia hilo ni pigo, kama lilivyo kukosa samaki wakubwa wa jamii ya taa waitwao manta, ambao hukusanyika Yasawa zaidi kati ya Mei na Oktoba. Mafuriko huongeza pia homa ya dengi, homa ya mgunda na homa ya matumbo, hivyo si vyema kuvuka maji ya mafuriko kwa miguu.

Kuna ambayo mvua ndiyo inayoyaleta, nayo hayapo Julai. Maporomoko ya Bouma kisiwani Taveuni hujaa, maembe hurundikwa kando ya barabara kuelekea mwisho wa mwaka, na tagimoucia, ua jekundu na jeupe la nyanda za juu za Taveuni, huchanua miezi ya mwisho ya mwaka. Anayependa misitu na mito kuliko mchanga anapata Fiji iliyo bora wakati ambao wengine wanaikwepa.

Hoja ya kuwafaa wenyeji hutajwa mara kwa mara, nayo si ya uongo: utalii kabla ya 2020 ulikadiriwa kuchangia, moja kwa moja na kwa njia nyingine, karibu asilimia 40 ya pato la taifa, na mipaka ilipofungwa kwa wageni hadi Desemba 2021 kila mtu aliona maana yake. Vibarua wa hoteli ndio wa kwanza kupunguziwa zamu vyumba vikiwa vitupu, hivyo mgeni wa Februari anawafaa kuliko mgeni wa Agosti. Lakini sioni haki kumwomba mtu aweke akiba yake ya miaka rehani kwa hoja hiyo. Mwenye wiki moja tu, tiketi isiyobadilishwa na ndoto ya kuona matumbawe, na aende Mei hadi Oktoba alipe zaidi. Mwenye wiki mbili au tatu, anayeweza kusogeza tarehe, akalala Nadi usiku wa mwisho badala ya kisiwani, ana sababu nzuri ya kuchagua Novemba, au Aprili mvua inapopungua, ingawa vimbunga vimewahi kufika Aprili pia, kama Harold mwaka 2020. Bima ainunue siku ileile anayolipia tiketi, kwa sababu kampuni nyingi hazilipi hasara ya kimbunga ambacho kilikwishapewa jina kabla ya bima kukatwa.