Mbanguaji mdogo wa Mtwara awagawe wateja wake?

Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi huondoka zikiwa ghafi, kuelekea India na Vietnam, ambako hubanguliwa, yaani huondolewa maganda, na kufungashwa kwa ajili ya walaji ambao mkulima wa Tandahimba au Newala hatawaona kamwe. Hatari ya kutegemea mnunuzi wa aina moja ilidhihirika mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnadani na Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa mbanguaji mdogo anayetafuta soko la ndani, ushauri anaopewa mara nyingi ni kuwagawa walaji katika makundi na kuliandalia kila kundi bidhaa yake. Ushauri huo una nguvu, ila gharama zake hazisemwi vya kutosha.

Nguvu yake ni kwamba walaji wa korosho hawafanani hata ndani ya Mtwara mjini. Abiria wa basi la Dar es Salaam, mwenye safari ya zaidi ya kilomita 500 mbele yake, anataka kipakiti cha kutafuna njiani, kwa bei asiyohitaji kuipangia bajeti. Anayewapelekea ndugu zawadi huangalia weupe wa korosho na kama ni nzima, na yuko tayari kulipia pakiti nzuri. Hoteli inataka ubora uleule mwezi hadi mwezi. Mama anayeunga kisamvu kwa korosho za kutwanga hana sababu ya kulipia korosho nzima, kwani chenga zinamtosha kabisa. Wanunuzi wa nje nao wana madaraja yao: daraja linaloitwa W320, kwa mfano, ni la korosho nzima zinazofika kati ya 300 na 320 katika ratili (pauni) moja.

Hapo pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, wakufunzi wengi hulipita haraka. Ubanguaji wenyewe hutoa bidhaa zaidi ya moja, kwa sababu hakuna anayebangua gunia zima bila kuvunja korosho hata moja. Nzima kubwa, nzima ndogo, nusu na chenga zipo mezani tayari, na swali la kwanza la mbanguaji ni nani anayeihitaji kila moja kwa dhati. Mgawanyo unaoanzia hapo haumwongezei gharama kubwa, na unaipa thamani chenga ambayo vinginevyo ingeuzwa kwa bei ya kutupa.

Upande wa pili una uzito wake. Kila kifungashio kipya kinadai lebo yake na mtaji wake, na pakiti zilizochapishwa ambazo hazikupata mnunuzi ni fedha iliyolala. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, vifungashio vya chakula vimeendelea kuruhusiwa kwa masharti, kwa hiyo si kila mfuko mwembamba unaopatikana sokoni unafaa. Aidha, korosho iliyobanguliwa haivumilii kusubiri: ikipata unyevu hulegea, na mafuta yake yakikaa vibaya huchacha. Mwenye aina tano za pakiti zinazouzwa polepole yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye mbili zinazoisha.

Linaloniumiza zaidi ni haki ya mlaji. Kipakiti kidogo humwezesha mwenye kipato cha chini kuonja korosho, na hilo ni jema, lakini mara nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu. Sehemu ya tofauti hiyo ni halali, kwa kuwa kufunga vipakiti ishirini kuna kazi kuliko kufunga mfuko mmoja. Isiyo halali ni ile inayotegemea mnunuzi asijue uzito. Baya kuliko hilo ni kuwalenga wagonjwa na wazee kwa maneno kwamba korosho hutibu kisukari au hurudisha nguvu za kiume. Korosho ina mafuta, protini na madini, na chakula hicho kinatosha kusifiwa kwa ukweli. Pia wapo watu ambao miili yao huikataa vikali, na lebo inapaswa kuwaonya kwa Kiswahili kinachosomeka.

Nikipima pande zote, ningemshauri mbanguaji mdogo aanze na makundi mawili tu, abiria na jiko la nyumbani, kwa sababu yote yapo karibu naye na majibu yao atayasikia mwenyewe. Uzito uandikwe waziwazi, na bei ya chenga isipande kwa ajili ya picha nzuri kwenye pakiti. Hoteli na masoko ya nje yasubiri mpaka awe na shehena ya kutosha, na kikwazo hapo ni malighafi zaidi kuliko matangazo: tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao yake ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe, uanze katika zao hili msimu wa 2007/08, korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, na mavuno huja kwa wingi kuanzia Oktoba. Kikundi kisicho na fedha za kununua akiba katika miezi hiyo hakiwezi kuiahidi hoteli korosho za Juni.