CRP imepanda: ni moyo au malaria?

Mtu wa Mwanza akiletewa majibu ya maabara kwamba CRP yake iko juu, swali la kwanza lisiwe moyo. Liwe: wiki hizi ulikuwa na homa?

CRP ni protini inayotengenezwa na ini kinga ya mwili inapoamka. Wanaoitaka ipimwe kwa ajili ya moyo wana hoja nzito. Utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008 ulihusisha watu 17,802 wenye kolesteroli ya kawaida ila CRP ya miligramu 2 kwa lita au zaidi. Waliopewa rosuvastatin, mojawapo ya statini (dawa za kushusha kolesteroli), walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa uchache kuliko waliopewa dawa bandia. Kwa watu hao, CRP ilitoa onyo ambalo kolesteroli haikulitoa.

Ila CRP ni moshi, siyo moto. Waliozaliwa na jeni zinazoipandisha hawaugui moyo zaidi ya wengine. Na mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyetoka kuugua malaria, anaweza kukutwa na CRP ya 40 huku mishipa yake ya moyo ikiwa salama kabisa. Ikizidi 10, utaratibu ni kutibu kinachougua kwanza, kisha kurudia kipimo baada ya wiki mbili au zaidi. Ukanda wetu huu wa ziwa, wenye malaria na kichocho, kumtisha mtu kwa kipimo kimoja ni kumwonea.

Kipimo kingine cha damu kinachotajwa kwa ajili ya moyo, lipoproteini(a), yaani chembe inayobeba kolesteroli kwenye damu, ni habari nyingine. Hii hurithiwa, inachangia yenyewe kuharibu mishipa, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo kwa wingi zaidi. Utafiti uliochapishwa 1996 ulikuta wanakijiji wala samaki wa Ziwa Nyasa wana kiwango cha chini kuliko wenzao wasiokula samaki, jambo linalostahili kufuatiliwa na huku kwetu kwenye sato na sangara. Wanaopinga kuipima wanasema statini haziishushi, sasa pesa ya kipimo ya nini? Mimi naona ina faida kwa mtu ambaye baba au kaka yake alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55: apime mara moja, inatosha, kisha abane zaidi sigara, kolesteroli na presha.

Presha yenyewe ndiyo chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kazi Tanzania, na kuipima hakuhitaji hata tone la damu. Mwenye pesa ya kipimo kimoja tu aanzie hapo.