Hoteli za kifamilia za Positano: ukarimu ni wa nani?

Usiku mmoja katika hoteli ya kifahari huko Positano, kusini mwa Italia, hupita euro 1,000 bila shida wakati wa kiangazi. Chumba chenye roshani ya kutazama bahari hupita hapo kwa mbali. Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza la wenye hoteli hizo ni kwamba hapa unapokelewa na familia, wala si na kampuni. Wapo wanaoliona jibu hilo limetosha, na wapo wanaoliona tangazo la biashara kama mengine. Mimi naamini familia hizo zina kitu cha kweli cha kuuza. Ninachotaka kujua ni nani hasa anakitengeneza.

Historia yao haina ubishi. Le Sirenuse ilikuwa nyumba ya mapumziko ya ukoo wa Sersale wa Napoli. Mwaka 1951 ndugu wanne, Aldo, Paolo, Anna na Franco, wakaigeuza kuwa hoteli ya vyumba vichache, katika kijiji cha wavuvi ambacho watu wake wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Marekani kutafuta riziki. Paolo ndiye aliyekuwa meya. Leo ina vyumba 58 na bado iko mikononi mwa ukoo uleule. Nje kidogo ya mji iko Il San Pietro, iliyofunguliwa mwaka 1970 na Carlo Cinque, mzaliwa wa hapohapo. Aliijenga ikishuka na jabali, na lifti ikachimbwa ndani ya mwamba hadi ufukweni. Ukipita barabarani huioni hoteli; unaona kikanisa kidogo tu. Chini yake kuna matuta yanayolimwa mboga za jikoni. Sidhani kama kampuni inayopaswa kuwaonyesha wanahisa faida kila baada ya miezi mitatu ingekubali kuficha jengo lake namna hiyo.

Hapo ndipo familia inaposhinda, kwenye subira. Mwenye mali anayetarajia kuwaachia wanawe anaweza kutengeneza paa leo na kusubiri miaka kumi pesa irudi. Sheria ya Italia nayo inambeba: kodi ya urithi kwa mke, mume na watoto ni asilimia 4, na huanza kutozwa pale fungu la mrithi linapozidi euro milioni 1. Isitoshe, biashara inayopita kwa watoto inaweza kusamehewa kodi hiyo kabisa iwapo wataiendesha kwa miaka mitano. Kwa hiyo tusidhani ni mapenzi ya nyumbani peke yake yaliyoziweka hoteli hizi pamoja. Serikali nayo imechangia.

Upande wa pili wamo wenye mitaji mikubwa. Hoteli ya Splendido mjini Portofino, kaskazini mwa Italia, na ile ya Caruso mjini Ravello, pwani hiihii ya Positano, ni za Belmond, kampuni iliyonunuliwa mwaka 2019 na LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za anasa. Ni rahisi kuwachora hao kama wavamizi, lakini wana jambo moja ambalo familia haina. Kijana wa mapokezi kule Ravello akiwa hodari, anaweza kuomba nafasi katika hoteli nyingine ya kampuni hiyo, Venezia au nje ya Italia, na akapanda cheo. Kwenye hoteli ya ukoo, kiti cha juu kina mwenyewe kabla hata hajazaliwa. Mhudumu anaweza kuijua kazi kuliko wote na bado akafa na cheo cha chini ya mpwa wa tajiri. Wala familia haziishi nje ya biashara ya majina. Akina Sersale wana mavazi yanayouzwa kwa jina la hoteli, na waliwahi kupeleka jina hilo hadi mgahawani Miami. Siwalaumu kwa hilo, ila mstari kati ya ukoo na kampuni si mnene kama unavyochorwa.

Tukirudi kwenye huo ukarimu wenyewe, mgeni anayerudi Positano kila mwaka hukusifia nini? Kwamba walimkumbuka. Walijua anakunywa kahawa bila sukari, walimwekea meza ileile, walimuulizia mwanawe kwa jina. Kumbukumbu hiyo anayo mhudumu wa meza, msafisha vyumba na mlinda mlango, watu ambao wengine wao wamefanya kazi katika nyumba hizo miongo kadhaa. Mwenye hoteli husalimia. Wao ndio wanaokumbuka. Basi thamani yote ya neno familia inategemea watu hao warudi mwakani.

Na hapo ndipo hesabu inapouma. Hoteli nyingi za pwani hii hufunga karibu Novemba na kufungua tena Machi au Aprili. Wafanyakazi wengi wana mikataba ya msimu. Mafao ya kukosa ajira nchini Italia hulipwa kwa nusu ya wiki ulizochangia, maana yake miezi saba ya kazi inakupa kama mitatu na nusu ya mafao, tena kwa kiasi kilicho chini ya mshahara. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria kwa nchi nzima hakipo. Kuna mikataba ya vyama vya wafanyakazi. Wakati huohuo nyumba za kupanga kijijini zinageuzwa za wageni wa siku chache, na SS163, barabara kuu ya pwani hii, hujaa magari kiasi kwamba mwaka 2022 ilibidi yaruhusiwe kwa zamu kufuata namba zake. Kwa mfanyakazi, kuishi karibu na kazi kunazidi kuwa kugumu.

Wasomaji wa Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamewekeza hotelini kwa miaka mingi, hawahitaji kuelezwa. Mvua za masika zikianza, hoteli hufungwa na watu hurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo ningelipa? Kama ningekuwa na uwezo, ningeichagua hoteli ya ukoo mbele ya ile ya kampuni, kwa sababu mwenyewe anaishi pale na majirani wanamjua. Lakini ningetaka kuona fedha ya kiangazi ikivuka hadi majira ya baridi: mikataba ya mwaka mzima kwa watumishi wa siku nyingi, malazi ya bei nafuu kwa wafanyakazi, msimu unaorefushwa hata kwa mwezi mmoja. Mgeni anayelipa euro 1,000 kwa usiku ana haki ya kuuliza mapokezini, kwa adabu, ni wangapi wa mwaka jana wamerudi na walikuwa wakiishi vipi mwezi Januari.