Taa ya ubavuni na lipu ya chokaa: nani ana haki?

Ugomvi wa siku ya kukabidhiana nyumba Mji Mkongwe ni ule ule. Mwenye nyumba anawasha tochi ya simu, anailaza ubavuni mwa ukuta, na lipu iliyoonekana safi mchana kutwa inatoka vilima na mabonde. Fundi anasema huo ni ujanja wa mwanga.

Hesabu iko upande wa fundi. Mwanga ukija kwa nyuzi 5 kutoka usawa wa ukuta, kinundu cha milimita 1 hutupa kivuli cha milimita 11 hivi. Kwa nyuzi 45, milimita 1 tu. Jicho nalo huongeza chumvi. Mwanafizikia Ernst Mach wa Austria alieleza mwaka 1865 kwamba pale mwangaza unapoacha kupungua taratibu na kutulia ghafla, tunaona ukanda ambao haupo. Ndiyo maana kiungo cha lipu ya jana na ya leo huonekana kama ukingo, ilhali kiganja kinapita bila kukwama.

Kibaya zaidi ni taa ya kuwekwa sakafuni. Ubongo umezoea mwanga wa juu, basi shimo husomeka kuwa kinundu, na kijana wa kazi anakwangua palipotaka kujazwa. Lipu yenye unyevu nayo hudanganya, kwani doa jeusi huonekana bonde. Isikaguliwe kabla haijakauka yote.

Hata hivyo, kwa kuta za nje mimi niko na mwenye nyumba. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini na kuuparuza ukuta wa uchochoroni kama tochi ile ile. Kasoro hiyo wapita njia wataiona. Ndani ni mambo mengine: ukuta unaopakana na dirisha hupata mwanga wa ubavuni kila siku, ule unaolitazama dirisha haupati kabisa, na kuupima kwa tochi ni uonevu.

Basi taa ielekezwe kutoka upande ambao mwanga wa kawaida utatokea. Panapotia shaka patiwe alama ya penseli, papapaswe, kisha pawekwe rula ya mita 2 na pengo lipimwe. Kiwango cha pengo kinachokubalika kiandikwe kabla lipu haijaanza, na aina ya rangi pia, maana rangi ya mafuta inayong'aa hufichua hata kile ambacho chokaa ingekificha.