VVU vimefubazwa. Virusi vingine je?

Majibu ya wingi wa virusi yakirudi chini ya kopi 50, furaha kwenye CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, ni ya haki. Lakini namba hiyo tumeigeuza cheti cha afya nzima, na hapo ndipo tunapopoteza watu. ARV zinafubaza VVU. Haziondoi kirusi cha HPV kilichokaa kwenye mlango wa kizazi, wala kirusi cha Epstein-Barr, wala HHV-8 kinacholeta saratani ya Kaposi. Hivi ni wapangaji wa siku nyingi, na mara nyingi huwa wameingia mwilini kabla ya VVU.

Tuanze na HPV. Aina za 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, hutengeneza protini mbili: E6 inayovunja p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike, na E7 inayoidhoofisha Rb, kizuizi kingine cha ukuaji wa seli. Kinga ikiwa imara, maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. CD4, yaani seli za kinga, zikishuka, kirusi kinabaki na seli zinaendelea kugawanyika hovyo. Ndiyo maana safari ya kufikia saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, inaweza kufupika hadi miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye VVU visivyotibiwa. Kwa jumla, anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi. Kuanza dawa mapema kunapunguza hatari hiyo, ila mabadiliko yaliyokwisha kuanza hayana uhakika wa kurudi nyuma yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake hawa waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, si 30 kama wengine, na warudie kila miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha DNA ya HPV, au kila miaka 3 kama kinachotumika ni siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe. Sasa mteja aliyetulia anachukua dawa za miezi sita kwa mkupuo. Utaratibu mzuri, nauli inaokolewa. Lakini maana yake anafika kliniki mara mbili tu kwa mwaka, na akiambiwa "rudi Alhamisi kwa ajili ya uchunguzi", wengi hawarudi. Kwa maoni yangu, uchunguzi usiofanyika siku ile ile ya kuchukua dawa tuuhesabu kuwa haupo.

Kipimo cha siki nacho kinaharibika kirahisi. Asidi ya asetiki inatakiwa iwe ya asilimia 3 hadi 5, ichanganywe siku hiyo hiyo, na mabaki yamwagwe jioni. Ikishapakwa, unasubiri dakika nzima kwa saa, si kwa kukadiria. Foleni ikiwa ndefu, dakika hiyo hugeuka sekunde ishirini na baka jeupe linakosa muda wa kujitokeza. Tochi hafifu inaficha mengi. Na kwa aliyekoma hedhi, eneo linalotakiwa kuonekana huwa limerudi ndani, kwa hiyo "hakuna kitu" hapo haina uzito.

Mimi ningehamia DNA ya HPV kesho. Mashine ya GeneXpert inayopima TB inaweza kupima na HPV kwa muda wa saa moja hivi, ukiwa na katriji zake, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli ukeni kwa kijiti bila kupanda kitandani. Mwenye VVU akikutwa na HPV, afanyiwe kipimo cha pili kabla ya tiba, kwa sababu wengi wana kirusi bila kidonda. Kidonda kikiwa kinaonekana chote, hakijaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi na hakina dalili za saratani, kinachomwa kwa joto pale pale. Vinginevyo apewe rufaa ya kukatwa kwa waya wa umeme. Baada ya tiba, mwezi mmoja bila tendo la ndoa, kisha kipimo baada ya miezi 12, na kingine baada ya miezi 12 tena. Vidonda hurudi zaidi kwa wanawake hawa.

Kuhusu chanjo, Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Kwa binti anayeishi na VVU dozi moja haitoshi: ushauri ni angalau mbili, tatu ikiwezekana. Mzazi asione haya kuuliza.

Kaposi inatazamwa kwa macho, na bado inapitwa. Kwenye ngozi nyeusi mabaka yake huwa ya zambarau iliyokolea au meusi kabisa, kwa kawaida hayawashi wala hayaumi. Mwambie mgonjwa afungue kinywa uangalie kaakaa; angalia na nyayo, na mguu uliovimba bila sababu. Ikiwa hatua za mwanzo, ARV peke yake zinaweza kuirudisha nyuma. Ikiingia mapafuni, au mguu ukivimba vibaya, kemotherapi inahitajika. Tahadhari kubwa ni prednisolone, dawa ya steroidi inayoshusha kinga: kumpa mtu mwenye Kaposi dawa hiyo kwa sababu anakohoa au amevimba kunaweza kuulipua ugonjwa.

Limfoma, yaani saratani za tezi, ambazo nyingi kwa wanaoishi na VVU zinahusiana na Epstein-Barr, hujificha nyuma ya TB: homa, jasho la usiku, kukonda, tezi shingoni. Mtu anamezeshwa dawa za TB miezi mingi bila TB kuthibitishwa. Tezi inayoendelea kukua itolewe nzima ikiwezekana, maana sindano nyembamba huleta seli chache mno za kutambua aina ya limfoma. Iwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe, na fomu ya maabara iandikwe wazi kwamba mgonjwa ana VVU na CD4 zake ni ngapi.