Steringi Asife, Lakini Risasi Zimwishie

Tulipokuwa watoto, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeipinga: steringi hafi. Akizungukwa na maadui kumi na tano, sisi tuliokaa chini kwenye mkeka tulianza kushangilia hata kabla hajachomoa bastola. Sheria hiyo sina ugomvi nayo mpaka leo. Kinachoniudhi ni kwamba risasi zake nazo haziishi.

Mimi niliijua bunduki kabla ya kuijua sinema. Babu yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe na ngedere shambani, na kulijaza ilikuwa kazi ya kukaa chini kabisa. Anamimina baruti mtutuni, anasindilia kwa chuma kirefu, anatia goroli, anasindilia tena, halafu anapachika fataki kwa vidole viwili, taratibu, pumzi ameibana. Akifyatua, moshi mweupe unatanda mbele yake mpaka asogee pembeni aone kama amepata. Kama amekosa, basi, nguruwe keshaondoka. Ndiyo maana babu alikuwa mtu wa kusubiri, hata katika mazungumzo. Naamini gobore lile ndilo lililomfundisha.

Nikitazama picha za kauboi namtafuta mtu wa namna ile, na mara nyingi simpati. Chukua The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, picha ninayoipenda sana. Hadithi yake iko ndani ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Bastola za Colt za wakati huo zilijazwa karibu sawa na gobore la babu: baruti, goroli, fataki, tundu kwa tundu, mara sita. Risasi za shaba zilizokamilika zilikuwapo tayari, ila hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza, ya silinda (kile kigurudumu chenye matundu ya risasi) iliyotobolewa mpaka nyuma ili risasi hizo ziingie, ilikuwa mikononi mwa Smith & Wesson hadi 1869, na kampuni ya Colt ikabidi isubiri. Kwenye picha, mashujaa wanatumia risasi za shaba bila shida yoyote.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi si dogo hata kidogo. Katika vita hivyo, wapiganaji wa msituni wa Missouri walitembea na bastola mbili, tatu, wengine zaidi, kwa sababu kujaza moja katikati ya mapigano ilikuwa ni kujitakia kifo. Bastola mbili kiunoni ni hofu ya mtu, kaivaa nje kila mtu aione. Ukimpa risasi za kuchomeka haraka umemvua hofu hiyo, na bastola ya pili inabaki urembo.

John Wayne naye, katika Stagecoach ya 1939, anasimamisha gari la farasi akiwa na Winchester ya mwaka 1892, ilhali Geronimo, kiongozi wa Waapache anayeogopwa na abiria wote, alijisalimisha mwaka 1886. Hilo nalisamehe upesi, maana bunduki ile ilifanya kazi karibu sawa na zilizoitangulia, na mtu aliyeishika anabaki yuleyule.

Lakini Colt ya mwaka 1873 siwezi kuisamehe, kwa kuwa ndiyo bastola ya kauboi karibu kila picha. Kila risasi ni lazima uikoki upya kwa kidole gumba. Zikiisha, unavuta nusu nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, unafungua kijilango cha upande wa kulia, unasukuma ganda moja nje kwa kijiti cha chuma, unazungusha silinda, unasukuma jingine, mpaka yaishe. Halafu ndiyo unaanza kuingiza mpya, moja moja. Na wenye busara walitia tano tu, tundu moja wakaliacha tupu chini ya nyundo. Wyatt Earp mwenyewe, polisi mwenye jina kubwa katika hadithi za kauboi, alijifunza hilo Januari 1876 huko Wichita, Kansas. Alikuwa ameketi chumba cha nyuma cha baa, bastola ikamchomoka, nyundo ikagonga kiti, risasi ikapasua koti lake. Nionyesheni mkurugenzi mwenye moyo wa kumpa steringi wake dakika hiyo moja! Ningempenda mtu huyo kuliko angeua ishirini.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 26, 1881, Earp huyohuyo alikuwa Tombstone, Arizona, kwenye kiwanja kitupu karibu na zizi la O.K. Corral, yeye na wenzake wakipambana na kina Clanton. Risasi kama thelathini zilifyatuliwa kwa sekunde kama thelathini. Walisimama hatua chache tu, karibu ya kuonana macho, na bado zilizokosa zilikuwa nyingi. Baruti isiyo na moshi mzito ilikuja kuvumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, kwa hiyo hawa walipigana ndani ya wingu kama lile la babu. Watatu walikufa. Ike Clanton, aliyekuwa akitishia kuua tangu usiku, alikimbia. Sinema inanyoosha sekunde hizo hadi dakika kadhaa, anga safi, na katika kunyoosha huko kinachopotea ni vile watu walivyotapatapa.

Picha za kisasa zina makosa yake. Steringi ananyoosha bastola ya Glock, tunasikia nyundo ikivutwa, na Glock haina nyundo ya nje ya kuvuta.

Ila yupo aliyenipa nilichokuwa nakitafuta. Katika Unforgiven ya 1992, Clint Eastwood ni William Munny, muuaji wa zamani aliyegeuka mfuga nguruwe. Anaweka kopo, anashika bastola, anafyatua, anakosa. Anafyatua tena, anakosa. Watoto wake wanamtazama. Anaingia ndani kimya, anatoka na bunduki kubwa ya marisau, na kopo linaruka. Toka hapo mpaka mwisho wa picha, kila Munny anapogusa silaha, mimi naogopa.