Msiwaonee wanaopunguza mwendo

Kuna makala nimeisoma kuhusu foleni za magari, na mwandishi wake anasema foleni za mvua zinaletwa na "madereva waoga" wanaotambaa hata kwa manyunyu. Nakataa. Lami ikilowa, umbali wa kusimama huwa mara mbili au zaidi, kwa hiyo anayeacha nafasi kubwa mbele yake amepiga hesabu sahihi. Ndiyo, magari yakiachana zaidi, njia moja inapitisha machache kwa saa, hilo halikwepeki. Ufaransa wameweka kupunguza mwendo kwenye sheria kabisa: kikomo cha kilomita 130 kwa saa kwenye barabara kuu za kasi hushuka hadi 110 mvua ikinyesha.

Kinachoua mwendo ni dimbwi. Mtaro ukiziba, maji yanajaa ukingoni, na kila dereva anayefika pale anabana katikati maana hajui kama chini kuna shimo. Njia mbili zinakuwa moja. Wa kwanza anagusa breki, wa pili anakanyaga, wa kumi anasimama kabisa, na kule nyuma mtu anapiga honi wala hajui kisa ni nini. (Honi haikaushi maji, jamani.)

Halafu kwenye makala ile matairi hayakutajwa hata kidogo! Tairi kipara halina mifereji ya kutoa maji, kwa hiyo gari likienda kasi linaelea na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ikikukuta hiyo, usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka mpaka matairi yaishike lami tena.